Gita Lililoota Madoa

1. Habari ya gita la kwaya

Shuleni kwetu, katika mitaa ya Temeke iliyo upande wa kusini wa Dar es Salaam, palikuwa na gita moja la mbao, la nyuzi 6, lisilotumia umeme. Lilinunuliwa kwa michango midogo midogo ya wazazi, na kwa hiyo kila mtu aliliona kuwa mali yake. Mimi, niliyekuwa mwalimu wa kwaya, nilikabidhiwa kulitunza.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la 6 alijua kulipiga kuliko wenzake wote. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kutazama vidole vya wakubwa. Naye alipenda gita lile kama mfugaji apendavyo ndama wake wa kwanza.

Mwaka mmoja, masika yalipokwisha, nilikwenda stoo kulitoa. Niligutuka. Mgongo wa gita ulikuwa umejaa madoa ya kijivu na meusi, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Tena, upande wa chini, palipo na skrubu ya kushikia mkanda, palikuwa na pete nyeusi iliyoingia katika mbao. Nikakasirika sana. Nikakumbuka kwamba siku moja ya mwezi wa Aprili nilimwona kijana yule akivuka kiwanja mbio, gita liko mgongoni, na manyunyu yameanza. Sikuuliza neno jingine. Nikamwambia mbele ya darasa zima, "Wewe umelinyeshea mvua gita la watu. Tangu leo usiliguse tena."

Akajibu polepole, "Mwalimu, siku ile nililifuta likakauka kabisa." Wala mimi sikumsikiliza.

Siku ya tatu akanijia vipindi vilipokwisha. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba ruhusa tulipeleke gita kwa babu yangu huko Keko. Yeye ni seremala. Nitamwomba msasa, niyasugue madoa mpaka yaishe." Nikaona maneno yake ni mema, nikakubali. Lakini nikafuatana naye, maana sikumwamini tena.

Keko ni mtaa wa Temeke ujulikanao kwa mafundi wa samani. Vitanda, makabati na viti hupangwa kando ya njia, na harufu ya mbao mbichi humpokea mgeni kabla hajaona karakana yenyewe. Tulimkuta mzee amekaa juu ya gogo, ananoa randa. Nikamwamkia, nikamweleza kosa la mjukuu wake. Akalipokea gita kwa mikono miwili, akalitazama mbele na nyuma. Kisha akasema, "Msasa upo, Mwalimu. Lakini mganga hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza anaumwa wapi. Na wewe umekwisha kumwuliza gita hili?"

2. Mwili wa gita

Kabla ya kusikia maswali ya mzee, yafaa tujue kwanza gita limeundwaje.

Gita lina uso, mgongo, mbavu, shingo na kichwa. Katika uso pana tundu la sauti, na chini ya tundu hilo pana daraja, ndipo nyuzi zinapofungwa. Uzi ukipigwa, daraja hutikisika, na uso hutikisika pamoja nalo, na hewa iliyomo tumboni hutoa sauti. Kwa sababu hii uso haufai kuwa mnene. Unene wake ni kama milimita 3 tu, nao mara nyingi hufanywa kwa mbao nyeupe ya spurusi, mti wa nchi za baridi, jamaa ya msonobari. Mgongo na mbavu hufanywa kwa mbao nyekundu za jamii ya mkangazi au nyinginezo. Magita ya bei nafuu hufanywa kwa plaiwudi, yaani mbao za matabaka, na tabaka la juu lenye rangi nzuri huweza kuwa jembamba kuliko milimita 1.

Basi fahamuni hatari ya msasa. Anayelisugua doa huondoa vanishi kwanza, kisha huondoa mbao. Doa lililozama halitoki upesi. Tabaka la juu laweza kwisha kabla doa halijakwisha, na mbao ya ndani ikatokeza kama mfupa. Na uso ukipunguzwa sana hulegea, hata nyuzi zikauvuta ukabonyea. Madoa hayaui gita upesi, lakini dawa isiyofaa huliua kwa siku moja.

3. Maswali manne ya fundi

Mzee alitufundisha kwamba doa ni shahidi. Shahidi huyo hasemi uongo, ila hasemi mpaka aulizwe. Maswali yake ni manne.

La kwanza: Doa liko wapi? Je, liko mahali ambapo mkono hugusa, au palipo na chuma, au palipoelekea ukuta, au kila mahali sawasawa?

La pili: Rangi yake ni gani? Nyeupe, manjano, kijivu, kijani au nyeusi?

La tatu: Liko juu ya vanishi au chini yake? Chukua kitambaa safi cha pamba, ukitie unyevu kidogo sana, ufute mahali padogo. Likitoka katika kitambaa, lilikuwa juu. Lisipotoka, limezama.

La nne: Gita lilikuwa likikaa wapi, na katika majira gani?

Mtu akiyajibu maswali haya, mara nyingi atajua sababu. Na akijua sababu, atajua kama yafaa kufuta, au kungoja, au kumpelekea fundi, au kuacha kabisa.

4. Madoa na sababu zake

Rangi ya asali. Uso wa gita jipya huwa mweupe. Baada ya miaka mingi hugeuka manjano, kisha rangi ya asali. Kazi hii hufanywa na mwanga na hewa, vinavyogeuza mbao na vanishi pamoja. Dalili yake ni kwamba rangi imeenea sawasawa, na mahali palipofunikwa siku zote pamebaki peupe. Hayo si maradhi, ni uzee mwema, nao hauhitaji dawa. Hata hivyo, gita lisianikwe juani. Jua kali hupasua vanishi na kulegeza gundi.

Weusi wa jasho. Huu huonekana ukingoni, mkono wa kulia unapoegemea, na nyuma ya shingo, kiganja kinapopita. Jasho lina chumvi na mafuta. Vikichanganyika na vumbi hufanya utando wa kijivu wenye kunata. Vanishi ikiwa nzima, utando huo hufutika. Ikiwa imelika, uchafu huingia katika mbao wazi na hautoki tena. Katika mji kama Dar es Salaam, ambako mtu hutoka jasho hata akikaa kivulini, hili ndilo doa la kila siku.

Wingu jeupe. Mara nyingine vanishi hufanya weupe kama maziwa yaliyomwagwa majini. Maana yake ni kwamba unyevu au mvuke umeingia katika vanishi yenyewe, mathalani kikombe cha chai ya moto kilipowekwa juu yake. Usilisugue wingu hilo. Liweke gita mahali penye upepo na kivuli, ungoje siku kadhaa. Lisipopungua, kazi ni ya fundi.

Kuvu. Watu wengi huiita ukungu. Ni kiumbe hai kidogo sana, na mbegu zake ni vumbi lisiloonekana, lililo hewani kila mahali. Haihitaji mwanga, huhitaji unyevu, utulivu wa hewa na chakula kidogo, kama vile jasho lililokauka, vumbi au mbao yenyewe. Huanza kama nukta za kijivu, kijani au nyeusi, nazo hukusanyika mahali pasipopita upepo. Harufu yake ni kama ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Nusa katika tundu la sauti. Ikiwa harufu hiyo imo, kuvu imeingia mpaka tumboni. Kuvu iliyo juu ya vanishi hufutika kama unga. Lakini ziko namna nyingine za kuvu zinazotia rangi ya samawati au kijivu ndani ya mbao, na rangi hiyo haifutiki.

Hapa yafaa kueleza habari ya hewa ya kwetu. Hewa huweza kubeba mvuke mpaka ijae, na wataalamu hupima kujaa huko kwa sehemu za mia. Watengenezaji wa magita hupenda hewa iwe na 45 hadi 55 kwa mia. Ikikaa kwa muda mrefu juu ya 70 kwa mia, kuvu hufurahi. Nasi tunakaa kando ya Bahari ya Hindi, na asubuhi nyingi za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa yetu hupita 80 kwa mia. Kwa hiyo mtu wa Temeke au Kinondoni hawezi kulitunza gita kama mtu wa Dodoma. Huko mbao huogopa ukavu na kupasuka. Huku huogopa unyevu na kuoza.

Weusi wa chuma. Hili ndilo doa linalowadanganya wengi. Hufanya pete au mistari myeusi kandokando ya skrubu, msumari au kipande chochote cha chuma. Mbao nyingi zina kitu kiitwacho tanini, kile kile kinachofanya chai kali ikaushe ulimi. Unyevu ukiingia, chuma hutoa kutu, na kutu ikikutana na tanini hufanya wino mweusi. Naam, ni wino hasa; wino wa namna hiyo ndio uliotumika Ulaya kwa karne nyingi kuandikia vitabu na hati. Basi wino ukiisha kuingia katika mbao, kitambaa hakiwezi kitu. Mafundi huuondoa kwa asidi ya oksali, lakini hiyo ni sumu, na mtoto asiiguse kamwe.

Ukijani. Vipande vya madini vilivyokingama shingoni vina shaba ndani yake. Jasho huvila vikatoa kutu ya kijani. Hufutika kwa kitambaa kikavu, ikiwa haikuachwa muda mrefu.

Weusi wa kudanganya. Ubao wa shingo, ambao vidole hukanyaga, katika magita mazuri hufanywa kwa mbao ngumu nyeusi. Mpingo wetu, uotao kwa wingi pande za Kilwa na Lindi, ni mmoja wa miti hiyo, na mbao yake ni nzito hata huzama majini. Ndio ule unaochongwa vinyago huko Mwenge, na nchi za ng'ambo hufanyia zumari ziitwazo klarineti. Lakini magita mengine huwa na mbao nyeupe iliyopakwa rangi nyeusi. Vidole vikipita miaka mingi, rangi hutoka, na mwenye gita hudhani mbao imeugua. Futa kwa kitambaa chenye unyevu: kikitoka cheusi mara kwa mara, ujue hiyo ni rangi.

5. Jaribio la darasani

Mwalimu afanye jaribio hili mbele ya wanafunzi. Tia msumari wenye kutu katika kikombe cha siki, uache siku 2. Katika kikombe kingine tia chai kali ya rangi, isiyo na maziwa wala sukari, iliyopoa. Kisha mimina matone machache ya siki ile katika chai. Papo hapo chai hugeuka nyeusi. Hivyo ndivyo skrubu ilivyofanya katika mbao ya gita. Sasa kamua ndimu ndani yake, tena kwa wingi. Weusi utapungua, kwa kuwa asidi ya ndimu huishika ile kutu na kuitenga na tanini. Vikombe hivi visinywewe. Wala msiipeleke ndimu kwenye gita, maana maji yake huharibu vanishi.

6. Hukumu ya mzee

Turudi Keko. Mzee aliuliza swali la kwanza: madoa yako wapi? Yako mgongoni tu. Uso ulikuwa safi. Akamwambia mjukuu wake, "Livae kama ulivyolivaa siku ile ya mvua." Kijana akalivaa. Tukaona sote kwamba mgongo wa gita umelala juu ya mgongo wa mtoto, na uso ndio unaoelekea nje. Mzee akasema, "Mwalimu, mvua ingalipiga uso. Mbona uso hauna doa?"

Sikuwa na jibu.

Akafuta madoa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Mengi yakatoka kama unga. Akanusa, akasema, "Hii ni kuvu. Gita lilikuwa likikaa wapi?" Nikajibu kwamba nililitundika stoo, katika ukuta. "Ukuta wa ndani au wa nje?" Wa nje, nikasema, unaopigwa na mvua ya kusi. Akatikisa kichwa. Ukuta ule hunyonya maji masika yote, ukawa baridi na unyevu, na kati yake na mgongo wa gita hewa haipiti. Ndipo kuvu ilipofanya shamba lake.

Akagusa pete nyeusi. "Na skrubu hii ni nani aliyeitia? Siyo ya gita." Hapo moyo wangu ulishuka. Skrubu ya asili ilipopotea, mimi mwenyewe niliokota skrubu ya chuma ya kufungia bawaba, nikaikaza. Unyevu wa ukuta ukaifikia, ikatoa kutu, ikaandika wino wake katika mbao.

Makosa yote mawili yalikuwa yangu. Na mtoto alikuwa amekwisha kuadhibiwa, tena alikuwa tayari kulisugua gita kwa msasa ili alipe kosa asilolifanya.

7. Kinga ni bora kuliko dawa

Mzee alitupa maagizo haya, nami nawapeni ninyi.

Kwanza, nawa mikono na kuikausha kabla ya kupiga gita. Ukimaliza, futa nyuzi, shingo na ukingo kwa kitambaa kikavu cha pamba.

Pili, usilitundike wala kuliegemeza katika ukuta wa nje. Liweke mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, wala lisikae sakafuni.

Tatu, usilifunge katika mfuko wa plastiki wakati wa masika. Mfuko hauzuii unyevu, huufungia ndani. Ikiwa una sanduku lake, lifungue siku kavu zenye upepo, na utie vipakiti vya kunyonya unyevu kama vile vinavyotoka katika masanduku ya viatu. Vipakiti hivyo havilikiwi, tena vikishiba havifanyi kazi.

Nne, usiliweke juani, wala darini chini ya mabati, wala jikoni penye mvuke.

Tano, kila skrubu iwe ya namna isiyoshika kutu. Ukiona kutu, mwambie mkubwa siku ile ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sita, ukiona kuvu, lipeleke gita nje, ujifunge kitambaa puani, maana vumbi lake hudhuru kifua. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kwa kikavu, uliache kivulini penye upepo. Usitumie mafuta ya taa, wala mafuta ya kupikia, wala dawa ya kung'arishia nguo, wala msasa.

Saba, mara moja kwa juma litazame gita lote: uso, mgongo na tundu la sauti. Kupigwa mara kwa mara ni kinga pia, kwa sababu chombo kinachoshikwa kila siku hakikosi macho.

8. Mwisho wa habari

Mzee aliitoa skrubu yangu, akatia nyingine ya shaba. Pete nyeusi hakuiondoa. Alisema, "Mbao haijadhoofika, na sauti ni ile ile. Tukiichimba tutaongeza jeraha. Iache, iwe kumbukumbu." Nilipotaka kumlipa, alikataa, akanitazama tu. Nikafahamu deni langu liko wapi.

Asubuhi yake nilisimama mbele ya darasa lile lile nililomwaibishia mtoto. Nikaeleza yote, nikamwomba radhi kwa jina lake, nikamrudishia gita mkononi. Hakusema kitu. Alilikagua mgongo, akapita kidole juu ya ile pete, kisha akakaza nyuzi na kuanza kupiga, na wenzake wakaitikia.

Pete ile ingalipo mpaka leo. Wageni wakiuliza ni nani aliyelichafua gita, wanafunzi hunitazama, nami hujibu, "Ni mimi." Kisha huwafundisha maswali manne. Maana maswali hayo hayafai kwa magita tu. Kila uonapo jambo lililoharibika, uliza kwanza: liko wapi, lina rangi gani, limezama au liko juu, na lilianza wapi? Ukiisha kuuliza, ndipo uchukue msasa, au ulimi wako.

Maswali

1. Kwa nini uso wa gita haufai kusuguliwa kwa msasa?
2. Taja maswali manne ambayo fundi huliuliza doa.
3. Utatofautishaje kuvu na weusi wa chuma?
4. Eleza kwa nini kulitunza gita Temeke ni tofauti na kulitunza Dodoma.
5. Mzee alijuaje kwamba si mvua iliyoleta madoa?
6. Chunguza kifaa chochote cha mbao nyumbani kwenu chenye doa. Kiulize maswali manne, uandike majibu katika daftari lako.
7. Mwalimu alikosa mara ngapi, na kosa lipi lilikuwa kubwa kuliko mengine? Toa sababu.